Mchoraji na Mchuuzi Wake: Vibonzo Huru vya Kinshasa

Mwaka 1990 kijitabu chembamba cha picha kilizuka katika mitaa ya Kinshasa. Kilisimulia kwa Kilingala kisa cha bwana mwenye fedha aliyemvuta mwanamke kwake, akageuka chatu, akammeza mzimamzima, kisha akatapika dola. Kilichapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi duni, na hakikuwa na shirika la uchapishaji nyuma yake. Aliyetunga, aliyechora na aliyetoa fedha za uchapaji alikuwa mtu yuleyule: Papa Mfumu'eto wa Kwanza, mzaliwa wa Matadi mwaka 1963, aliyepita katika chuo cha sanaa cha Kinshasa.

Wakati wenyewe ulimbeba. Tarehe 24 Aprili mwaka huo Rais Mobutu wa Zaire, yaani Kongo ya leo, alitangaza mwisho wa chama kimoja, na magazeti yakachipuka kila kona. Uvumi wa matajiri wanaopata mali kwa kafara ulikuwa umetanda mjini. Yeye aliupa sura, nyumba na kitanda. Wasomaji wengi hawakuhitaji kuelezwa chatu yule ni nani.

Mchoraji kujichapia kazi yake mwenyewe lilikuwa jambo geni, kwa sababu vibonzo vya Kongo vilianza vikiwa mali ya wakubwa. Miaka ya 1940 serikali ya Wabelgiji ilitoa jarida la Nos Images kwa Kifaransa na kwa lugha kubwa za nchi, Kiswahili kikiwamo. Humo ukoo wa Mbumbulu uliwafundisha Waafrika adabu za mezani na usafi wa nyumba, kana kwamba watu walikuwa wakisubiri kufundishwa. Mwaka 1968 likaja jarida la Jeunes pour Jeunes, la Achille Ngoye na Freddy Mulongo, na mambo yakachangamka: wahusika kama polisi Apolosa walitoka mtaani, na Hindubill, lugha ya vijana wa mjini, ikaingia katika maandishi. Hata hivyo hilo lilikuwa jarida lenye ofisi na wahariri, na mchoraji alipeleka kazi yake akangoja uamuzi wa mwingine.

Mwaka huohuo wa 1968, San Francisco, mchoraji Robert Crumb na mkewe Dana walikuwa wakiuza toleo la kwanza la Zap Comix katika mtaa wa Haight, nakala zikiwa zimepangwa ndani ya kigari cha mtoto. Mkasa huu hupendwa kusimuliwa kama kituko. Mimi naona ndio kiini cha habari yote. Kuchora kwa uhuru kunawezekana hata gerezani. Kinachomfunga au kumfungua msanii ni njia inayoifikisha kazi yake mkononi mwa mnunuzi. Vibonzo huru vya Marekani kama vile vya Crumb vilikuja kutegemea maduka ya vifaa vya wavuta bangi. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoziachia jamii za mahali kipimo cha picha na maandishi machafu mwaka 1973, wenye maduka wakaogopa, na soko likayumba. Waliofuata waliokolewa na maduka yanayouza vibonzo pekee. Wachoraji Kevin Eastman na Peter Laird walipochapa nakala 3,000 za kibonzo cha kasa wao wapiganaji mwaka 1984, kwa fedha ambazo sehemu yake waliazima kwa mjomba, walikuta maduka hayo tayari yapo.

Kinshasa haikuwa na duka la namna hiyo. Albamu zenye jalada gumu kutoka Brussels na Paris zilikuwa juu ya uwezo wa mwananchi wa kawaida. Barly Baruti wa Kisangani, fundi hodari, alipata wachapishaji Ufaransa miaka ya 1990, na vitabu vyake vikasomwa zaidi huko kuliko nyumbani. Mfumu'eto alishika njia ya wachuuzi. Kijitabu chake kiliuzwa barabarani pamoja na karanga na sigara za rejareja, kikasomwa kwa sauti, kikaazimwa, kikararuka. Ugomvi wa mke na kimada, uchawi, mamba muntu, yaani nguva wa majini, na siri za ikulu, vyote vilipata nafasi.

Kisha kuna fedha. Oktoba 1993 sarafu ya nchi ilibadilishwa, zaire mpya moja ikitolewa kwa zaire milioni 3 za zamani. Katika uchumi kama huo, kuweka akiba ya nakala ghalani ni kujitia hasara, kwani mauzo ya leo yasipogeuzwa karatasi upesi hayatanunua kitu. Hapo kijitabu chepesi, kinachoandikwa haraka na kununuliwa haraka, kilikuwa na nafuu ambayo albamu nzuri isingeipata. Alitoa zaidi ya matoleo 200. Michoro mingine ina haraka ya wazi, miguu ikichorwa ovyo na maneno yakibanana pembeni, na mhariri mkali angeirudisha. Angerudisha na ule uhai wake pia.

Bei ya njia hii ililipwa baadaye. Karatasi ile haikutengenezwa idumu, na anayenunua kijitabu cha bei ya karanga hakitunzi. Mwaka 2015 kazi za Mfumu'eto zilitundikwa Paris katika maonyesho ya Fondation Cartier kuhusu sanaa ya Kongo. Nyaraka zake, zilizokusanywa na mwanahistoria Nancy Rose Hunt, zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida. Mwanafunzi wa Kinshasa anayetaka kushika mkononi, katika nyaraka hizo, vibonzo ambavyo huenda mama yake alivinunua sokoni atahitaji viza.