Nakisi ya Kalori: Kupungua Bila Kudhoofu

Mwili ukitumia nishati nyingi kuliko inayoletwa na chakula, hulazimika kula akiba yake. Hali hiyo ndiyo msingi wa kila njia ya kupunguza uzito, iwe imetoka kwa daktari au kwa jirani. Kwa Kiswahili wengi huiita upungufu wa kalori. Neno linaeleweka, ila lina harufu ya wodi: upungufu wa damu ni ugonjwa, upungufu wa vitamini A huharibu macho. Anayeambiwa autafute upungufu ana haki ya kushtuka. Mimi nachagua nakisi. Wahasibu wamelizoea katika bajeti, na kwao nakisi ni tofauti ya mapato na matumizi inayoweza kupangwa, kupimwa na kuzibwa.

Kalori yenyewe ni kipimo cha joto. Ile inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula, kwa usahihi, ni kilokalori: joto la kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzijoto 1. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani Wilbur Atwater alitoa makadirio yanayotumika hadi leo: gramu ya wanga au ya protini ina kalori 4, ya mafuta 9. Ndiyo maana kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, chenye kalori 120 hivi, hukaribiana na soda nzima ya mililita 300. Soda tunaiona mezani. Kijiko kimeshazama sufuriani.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Nakisi ya 500 kwa siku ni 3,500 kwa wiki, karibu nusu kilo. Wataalamu wengi hushauri kupungua kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki. Mwenye harusi mwezi ujao hatafurahi.

Lakini nakisi itoke wapi? Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi saa nzima hutumia kalori 250 hadi 300, na chapati moja iliyokolea mafuta huweza kuzirudisha zote. Anayetegemea mazoezi peke yake atatokwa jasho jingi na kupungua kidogo. Anayejinyima tu atapungua, ila si mafuta peke yake yatakayoondoka. Misuli nayo huliwa. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota la mwaka 1944 hadi 1945, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 hadi karibu nusu ya walichokuwa wakila. Katika miezi 6 walipoteza takriban robo ya uzito. Miili yao ilibana matumizi: mapigo ya moyo yalipungua, wakasikia baridi, nguvu zikawaishia, na fikra zao zote zikahamia kwenye chakula. Hiyo si nakisi tena, ni njaa.

Kwa hiyo nakisi salama huwa na pande mbili. Kuacha soda moja, kijiko kimoja cha mafuta na vijiko vitatu vidogo vya sukari ya chai kwa siku hupunguza kalori karibu 300. Kutembea kwa kasi dakika 45 huongeza 200 hivi. Hakuna mlo ulioachwa. Mazoezi ya nguvu, kama kuchuchumaa au kunyanyua vitu vizito, huuambia mwili kuwa misuli bado ina kazi, na maharage, dagaa au mayai huilisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli.

Wajawazito, wanaonyonyesha, na wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari wasijipangie nakisi yoyote kabla ya kuonana na daktari.