Kuvunjika kwa Koleo: Pikipiki za Kijapani Baina ya Kilosa na Mikumi

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Wajapani waliziita baiskeli zao za kwanza zenye injini "bata-bata", kwa kufuata mlio wake. Waswahili, bila ya kushauriana nao, walisikia "piki-piki", na wengine wakasikia "tukutuku". Mataifa mawili yaliyotenganishwa na bahari yalikipa chombo kimoja jina kwa sikio. Ama kukipa kitu jina ni hatua ya mwanzo tu ya kukimiliki. Hatua ya pili hufanywa na mikono, na hiyo ndiyo ambayo historia ya pikipiki katika Afrika Mashariki haijaiandika. Imeandikwa khabari ya waliozitengeneza na ya waliozipanda. Waliozikata, wakaziunga na kuzigeuza hata zikaweza kuishi mbali na kwao hawakuandikiwa kitu.

Hapana budi kuanzia Hamamatsu, mji wa Japani ya kati, kwani huko nako mambo yalianza kwa kugeuza. Mwaka 1946 Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizoundwa kuzalisha umeme wa redio za jeshi. Jeshi lilikuwa limeshindwa vita, na injini hizo hazikuwa na kazi tena. Honda akazifunga kwenye baiskeli, na tangi la mafuta la mwanzo likawa chupa ya bati ya maji ya moto, ile ambayo Wajapani huweka kitandani wakati wa baridi. Kampuni yenye jina lake ikasajiliwa mwaka 1948. Katika eneo hilohilo, Yamaha ilikuwa ikiunda vinanda, na Suzuki ilianza kwa mitambo ya kufumia nguo. Pikipiki ya kwanza ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, iliigwa kutoka pikipiki ya Kijerumani, DKW RT125. Basi anayemcheka fundi wa Kilosa kwa kuunga kipande cha hiki na kipande cha kile, na akumbuke kwamba pikipiki ya Kijapani yenyewe ni mtoto wa kuungaunga.

Kilosa si mahali pageni kwa njia. Misafara ya karne ya kumi na tisa iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita bonde la mto Mkondoa, na reli ya Wajerumani, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, ililifuata bonde hilohilo. Ukafuata mkonge wa Kilosa na Kimamba, pamoja na mashine zake za kuchambulia nyuzi, ziitwazo korona. Mahali penye korona na garimoshi, ufundi wa chuma haukuwa jambo la kujifunza upya. Kusini yake, Mikumi ilikua kwa njia nyingine. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu iendayo Zambia ikapita katikati yake, mwendo wa kilomita 50 hivi baina ya tembo, pundamilia na malori.

Baina ya miji hiyo miwili ipo njia ipitayo Masanze, Zombo na mahali paitwapo Ulaya. Hivyo pikipiki ya Japani itokayo Kilosa hufika Ulaya kwanza kabla ya kuiona Mikumi. Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa ya udongo, vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Huko ndiko pikipiki ilikojipatia heshima. Waliozipanda mwanzo hawakuwa vijana wa mjini. Walikuwa mabwana shamba, waganga wa zahanati, mapadri na wakaguzi wa skuli, watu ambao kazi yao iko mwisho wa njia. Mashine zilizowafaa zilikuwa za aina chache: Honda za silinda ndogo, Yamaha za mfano wa DT, na AG100, ambayo Yamaha iliibuni katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wakulima, yenye keria mbele na nyuma na cheni iliyofunikwa isiliwe na matope.

Kisha ikaja dhiki. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilifunga milango ya maduka ya vipuri. Pistoni iliyokwisha Kilosa haikuwa na ndugu yake Dar es Salaam. Mpaka serikali ilipoanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984, mwenye pikipiki alikuwa na njia mbili: kuiegesha chini ya mwembe au kuipeleka kwa fundi. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na miaka ile ilikuwa ya koleo zilizovunjika.

Ufundi wa dhiki ulikuwa na kanuni zake. Silinda iliyolika huchongwa ikapanuliwa kidogo, ikatiwa pistoni iliyozidi kipimo. Wajapani wenyewe waliliwazia jambo hilo, wakaunda pistoni za kuzidi kwa robo ya milimita, nusu, robo tatu, hadi milimita nzima. Zaidi ya hapo kitabu chao hunyamaza. Fundi hakunyamaza: aliivisha silinda bomba jipya la chuma ndani, akaanza kuhesabu upya. Gasketi ya kifuniko ilikatwa kwa mkasi kutoka karatasi ngumu. Keria ya kiwandani, iliyoumbwa kwa ajili ya mkoba wa karatasi za ofisi, ilitolewa, na mahali pake ikachomelewa ya nondo iwezayo kubeba gunia la mahindi. Kiti kirefu kilishonwa upya, na springi za nyuma zikatafutiwa zilizo nene zaidi.

Tatizo la taa linafaa kutajwa peke yake. Pikipiki nyingi za miaka ya 1970 zilitumia umeme wa volti 6, nao mwanga wake ni hafifu. Katika barabara ambayo nyati huvuka usiku, hafifu ni neno la kutisha. Balbu na betri zilizokuja kujaa sokoni baadaye zilikuwa za volti 12. Kuihamisha pikipiki kutoka sita kwenda kumi na mbili kunadai kuujua umeme wake tangu unapozaliwa kwenye koili hadi unapoishia kwenye taa. Anayebadilisha balbu peke yake hupata giza. Anayeuelewa mzunguko mzima hupata mwanga. Kazi hii haionekani kwa nje, wala haina rangi ya kumvutia mpita njia, lakini ndiyo iliyomfikisha mkunga kijijini usiku.

Wapenzi wa ushairi wa pwani wanalo neno linalolingana na kazi hiyo, nalo ni takhmisi. Katika takhmisi mshairi huuchukua ubeti wa mwenzake wenye mishororo miwili, akautilia mitatu yake, na ya mwanzo ikabaki palepale. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alilifanyia hivyo shairi linalonasibishwa na Liyongo, na hakuna msomaji anayedai kwamba alimwibia Liyongo au kwamba alimharibu. Kinachopimwa ni kama mishororo ya nyongeza inabeba uzito wa ile ya asili. Mizani hiyohiyo yafaa kwa fundi. Fremu ya Honda ni mishororo miwili ya Hamamatsu. Keria, springi na taa ni mitatu ya Kilosa.

Hata hivyo, si kila takhmisi ni njema. Kiti kilichorefushwa kwa ajili ya mzigo ndicho kilichozaa mtindo wa "mishikaki", abiria wawili au watatu waliopangwa nyuma ya dereva kama nyama kwenye kijiti. Keria ya nondo hubeba magunia ya mkaa kutoka misitu ya Kilosa, ilhali breki ya ngoma iliyo kwenye gurudumu ni ileile iliyopimwa kwa watu wawili. Nguvu ya kubeba iliongezwa. Nguvu ya kusimama haikuongezwa. Kwenye barabara kuu ya Mikumi, penye malori ya Zambia na Kongo, tofauti hiyo hulipwa kwa mifupa. Kuusifu ufundi bila ya kulisema hili ni kuwadhulumu waliozikwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja na chombo ambacho Honda ilikitoa mwaka 1976, CG125. Wahandisi wake walikuwa wamegundua kwamba katika nchi nyingi za joto na vumbi watu hubeba mizigo mizito na huchelewa kubadilisha oili, na injini zenye mnyororo wa ndani wa kuendesha vali hazistahimili. Wakarudi kwenye njia ya kale ya fimbo za kusukuma vali, iliyo nzito kidogo lakini yenye subira. Kwa maneno mengine, kiwanda kilikubali kuyasikiliza yale ambayo wateja wa mbali walikuwa wakiyaona kila siku. Wachina wakaiiga injini hiyo kwa wingi, na katika miaka ya 2000 nakala zake zikafurika Tanzania.

Mwishoni mwa mwaka 2009 mafuriko ya Mkondoa yaliing'oa reli ya Kilosa na kuwaacha maelfu ya watu bila ya makaazi. Mwaka uliofuata, 2010, zikatoka kanuni zilizoruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa malipo. Bodaboda ikawa ajira ya vijana wasio na shamba wala cheti, na nyingi ya walizozipanda zilikuwa hizo nakala za Kichina, na baadaye za Kihindi. La kushangaza ni kwamba nakala haikumuua mzazi wake. Vipuri vya bei nafuu vya injini za mfano wa CG viliingia katika Honda kuukuu, na fremu iliyokuwa ikingoja skrepa ikapata moyo mpya. Ila kadi ya usajili hubaki na namba ya injini ya zamani mpaka mwenye chombo aende kuibadilisha kisheria, na asiyekwenda huonekana mwizi wa mali yake mwenyewe.

Huko Ulaya na Marekani pikipiki za Kijapani za miaka ya 1970 zimekuwa vitu vya thamani. Wapo wanaozirudisha katika hali ya kiwandani, skrubu kwa skrubu, na wapo wanaozikata kwa ajili ya urembo. Kwa mizani ya wale wa kwanza, pikipiki ya Kilosa ni chombo kilichoharibika, kwani haina tangi lake, taa yake wala kiti chake. Mizani hiyo inapima umbo tu. Chombo kilichobaki kama kilivyozaliwa aghalabu ni kile ambacho hakikutumika sana. Kilichogeuzwa kimeandikwa juu yake kila safari na kila upungufu, na ajuaye kusoma welding atajua ni mwaka gani nondo ilipatikana na mwaka gani haikupatikana.

Hifadhi ya maandishi hayo ina mwisho wake. Skrepa hununuliwa kwa kilo, na mizani ya skrepa haiulizi historia. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupita Kilosa kwenda Dodoma, na kijana anayejifunza ufundi leo huletewa pikipiki ambazo kipuri chake kipya ni rahisi kuliko kukirekebisha cha zamani. Waliohamisha volti 6 kwenda 12 kwa kukisia wamekuwa wazee. Mikumi ina chuo cha VETA, na kwenye vyama vya Kiswahili wapo watunzi wa kamusi. Wakikaa pamoja na wazee hao mbele ya Yamaha moja iliyofunguliwa, wakaandika kila kipande kinaitwaje, kilibadilishwaje na kwa nini, watakuwa wameokoa ufundi na msamiati kwa siku moja. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji ifanywe wazee hao wakiwa bado wanaweza kuishika spana.