Kutoka depo hadi nyumba ya ngoma: historia ya kutusaidia kujibu swali letu



Katika mkutano uliopita vijana waliomba chama kiwasaidie kupata mahali pa kupigia muziki. Walisema kuko kuta za depo za zamani kando ya barabara ya Uvira na Baraka, hazina paa, hazina kazi. Chama kitafute moja, tuweke mabati, basi. Mzee mmoja alisimama akasema: "Hapa Makobola hatuna mahali pa kucheza. Tuko na makaburi." Watu walinyamaza. Mkutano uliisha bila jibu, na sisi wa gazeti tukaombwa tutafute historia: wenzetu waliogeuza depo kuwa nyumba ya ngoma walifanyaje?

Tuanze na neno la mzee, maana ni la kweli. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999, siku ambazo watu wengine walikuwa wanangojea Mwaka Mpya, watu wetu waliuawa hapa na katika vijiji vya jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inasema waliokufa ni zaidi ya 800. Tangu pale, kwa familia nyingi za hapa Bonane si sikukuu. Ngoma ikilia usiku ule, kuna mama anafunga mlango na kulia. Anayetaka kuzungumza muziki Makobola lazima aanzie hapo.

Lakini kuko jambo la pili, nalo pia ni la kweli. Tulipovuka ziwa kwenda Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu na Lugufu, tulibeba nini? Wengine sufuria moja, wengine mtoto mgongoni tu. Ila nyimbo zilivuka pamoja na sisi. Kwaya zilianza upya chini ya miti na chini ya mashitingi. Watoto waliozaliwa kule walijifunza Kibembe kwanza ndani ya nyimbo. Na tangu mwaka 2005, meli za HCR zilipoanza kuturudisha Baraka, tulirudi na zile nyimbo. Nyumba zilikuwa zimeungua, mashamba yameota msitu, lakini kwaya ilikuwa iko. Basi hatuulizi kama Makobola itaimba. Inaimba tayari. Tunauliza itaimbia wapi, na kwa utaratibu gani.

Sasa twende Nairobi. Kule kuna eneo la viwanda, upande wa kusini wa reli: magaraji, depo, moshi, malori. Katika barabara ya Dunga kulikuwa na jengo kubwa lililokuwa garaji ya kutengeneza magari. Mwaka 2003 jengo hilo likawa nyumba ya wasanii, nayo ikaitwa The GoDown Arts Centre. Jina lenyewe ni mzaha mzuri: godauni kwa Wakenya ndiyo ile sisi tunasemaka depo. Hawakuona haya kwa asili ya nyumba yao. Aliyeiongoza tangu mwanzo ni mama Joy Mboya, mwimbaji ambaye pia alisomea ujenzi wa majengo.

Kwa nini depo, si nyumba nzuri ya mjini? Sababu ni za kawaida kabisa. Depo ina paa la juu na nafasi pana bila nguzo mingi katikati, kwa hiyo watu wanaweza kucheza na sauti inapata pa kwenda. Iko mbali kidogo na vitanda vya watu, kwa hiyo ngoma haisumbui mgonjwa. Na kama haina kazi, bei yake si ya duka la mjini.

Tena hawakuifanya ukumbi mmoja wa kufunguliwa siku ya sherehe tu. Waliikata vyumba. Chumba hiki wachoraji, kile wacheza dansi, kingine watu wa kurekodi muziki, na katikati mahali pa maonyesho. Waliokaa walilipa kodi, na kodi ilisaidia kutunza nyumba. Halafu kukaa pamoja kulileta faida ambayo hakuna aliyeinunua: mchoraji anatoka nje kunywa chai, anakutana na mpiga gita, wanaanza kazi moja.

Ndani ya depo ile ndimo ilimokaa Ketebul Music, iliyoanzishwa na bwana Tabu Osusa mwaka 2007. Hapa tuwaombe msome polepole, maana hapa panatuhusu. Hawa hawakurekodi vijana peke yao. Walitafuta wazee ambao nyimbo zao zilikuwa karibu kusahauliwa, wakawarekodi, wakapiga picha, wakaandika historia zao. Mwaka 2008 walitoa kazi juu ya muziki wa benga, kitabu pamoja na nyimbo na filamu. Kisha wakafuata miziki mingine ya Kenya. Kumbe nyumba ya muziki inaweza kuwa pia nyumba ya kumbukumbu.

Na wenzetu Wakongomani wako ndani ya historia ile. Zamani santuri zilikuwa zinatengenezwa Nairobi, kwa hiyo bendi kutoka kwetu zilikwenda kule kutafuta maisha. Baba Gaston alikwenda na watu wake. Mwaka 1976 baadhi yao walitoka kwake wakaanzisha Les Mangelepa. Miaka mingi baadaye, wakiwa wazee, Ketebul iliwarekodi tena. Dar es Salaam ni hivyo hivyo: Maquis walitoka Kongo, na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika kule mwaka 1978 hata Watanzania wakamwita wao. Kwa hiyo mtu asiseme muziki ni kazi ya watu waliotulia nyumbani. Wetu wengi waliufanya wakiwa ugenini, bila kujua kama watarudi.

Dar es Salaam pia wana nyumba ya namna hii. Inaitwa Nafasi Art Space, ilianza mwaka 2008 katika eneo la viwanda vidogo la Mikocheni. Walichukua majengo ya kuwekea mizigo, wakaongeza makontena ya meli, kila kontena likawa chumba cha msanii. Tunalitaja hili juu ya wale wanaosema "tungojee mfadhili ajenge". Sanduku la chuma lililochoka kubeba mizigo linatosha kuanza.

Na ili msidhani mambo haya ni ya miji mikubwa tu, tazameni Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi. Dzaleka ilikuwa jela ya wafungwa wa siasa kabla ya kuwa kambi mwaka 1994. Wakimbizi wengi wa pale ni Wakongomani kama sisi. Mwaka 2014 mshairi mmoja wao, Menes La Plume, alianzisha pale tamasha la Tumaini, na Wamalawi wakaanza kuingia kambini kwa furaha, kusikiliza muziki na kununua chakula kwa mama zetu. Mahali palipokuwa pa kufunga watu pakawa pa kukaribisha watu. Machozi ya jela hayakufutika. Lakini jela haikuachiwa kuwa na neno la mwisho.

Kutoka historia hizi, sisi tunaona mambo matatu kwa ajili yetu.

La kwanza ni karatasi. Kila ukuta ulio wazi hapa una mwenyewe, hata kama yuko Nyarugusu, Bujumbura au Marekani. Tunajua sisi wenyewe uchungu wa kurudi na kukuta mtu mwingine ndani ya parseli yako. Chama cha waliorudi hakiwezi kumfanyia mwingine vile. Kwanza mwenyewe apatikane, mkataba uandikwe mbele ya wazee na chefu, kisha mabati.

La pili ni nyumba kujilisha. Ukumbi wa sherehe peke yake utakufa. Lakini chumba kimoja cha mama washonaji, kimoja cha kuchaji simu, kimoja cha kwaya na gita, kila mmoja akitoa kidogo kwa mwezi, ndiyo nyumba inayosimama. Tumeona kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilivyokuwa kikubwa, vita vya 1996 vikakisimamisha. Ukubwa haulindi nyumba. Kinachoilinda ni watu kuingia na kutoka kila siku.

La tatu ni la mzee wetu. Tunapendekeza nyumba hiyo, ikipatikana, ianze kwa kurekodi wazee: nyimbo za kilio, nyimbo za uvuvi, majina ya waliokufa yakisomwa na watu wao. Na tangu 30 Desemba hadi 2 Januari hakuna ngoma ya sherehe mle. Siku hizo nne ni za kilio na sala tu. Siku nyingine vijana wapige gita lao, maana kijana asiye na pa kwenda jioni kuko watu wengine wanamwita, na wale hawamwiti kwa ngoma.

Tulimpelekea mzee maneno haya kabla ya kuyaandika. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha alisema: "Mimi najua nyimbo sita za mama yangu. Mwanangu hajui hata moja." Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Lakini mkutano ujao atakuja, na tunaomba kila mmoja wenu aje pia, na neno lake.