Manowari Deutschland Wakati wa Amani

Watu wengi wakisikia habari za manowari huuliza kwanza: Ilipigana wapi, na ilizamisha nini? Lakini manowari nyingi hukaa miaka mingi zaidi katika amani kuliko katika vita, na miaka hiyo nayo ina mafundisho yake. Basi na tutazame maisha ya manowari moja ya Wajerumani, jina lake Deutschland.

Iliundwa mjini Kiel, katika kiwanda cha Germania. Kazi ilianza mwaka wa 1903. Tarehe 19 Novemba 1904 ikashushwa majini, na tarehe 3 Agosti 1906 ikaanza utumishi wake. Watu wake walipata 743. Mizinga yake mikubwa ilikuwa minne, ya sentimita 28, miwili mbele na miwili nyuma. Na mizinga 14 ya sentimita 17 iliwekwa ubavuni. Waundaji hawakuweza kuikuza kama walivyotaka, kwa sababu ilipasa kupita katika mfereji uliofunguliwa mwaka wa 1895 kuunganisha Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini.

Lakini kabla haijamalizika, Februari 1906, Waingereza walishusha majini manowari yao Dreadnought. Hiyo ilikuwa na mizinga mikubwa 10 ya sentimita 30 na nusu, tena ilikwenda maili za bahari 21 kwa saa, hali Deutschland haikufika 19. Basi Deutschland ilianza kazi ikiwa mpya kwa rangi, lakini kuukuu kwa nguvu.

Hata hivyo ilipewa heshima kubwa. Septemba 1906 Prince Heinrich, ndugu yake Kaisari Wilhelm II, alitweka humo bendera yake ya ukuu wa manowari zote za kundi la vita. Mwaka wa 1909 akamfuata Holtzendorff, na mwaka wa 1913 Ingenohl. Mwaka huo bendera ikahamishiwa manowari mpya, Friedrich der Grosse.

Katika miaka hiyo kazi yake ilikuwa kufundisha watu. Wakati wa vuli mabaharia waliomaliza miaka yao mitatu walirudi makwao, na vijana wapya wakaingia. Wakati wa baridi walijifunza kazi ndani ya chombo chao. Baadaye manowari nyingi zilifanya mazoezi pamoja. Kiangazi zilisafiri, mara nyingi pwani za Norwei, na mwaka wa 1908 zilitoka mpaka Atlantiki. Kisha huja vita vya kuigiza, kundi moja likijifanya adui wa jingine. Juu bendera ilipepea. Chini, penye joto kali, wachochezi walitia makaa ya mawe motoni kwa sepetu. Mwaka uliofuata, kazi ni ile ile.

Lakini amani hiyo haikuwa amani ya raha. Tirpitz, mkuu wa mambo ya manowari, alidhani kwamba Ujerumani ikiwa na manowari nyingi, Uingereza itaogopa kupigana nayo. Lakini wahenga walisema: Fahali wawili hawakai zizi moja. Waingereza hawakuogopa, bali waliunda zaidi, wakapatana na Ufaransa mwaka wa 1904 na Urusi mwaka wa 1907. Wajerumani nao wakaunda kubwa zaidi, hata ikabidi ule mfereji upanuliwe, kazi iliyoanza mwaka wa 1907 ikaisha mwaka wa 1914.

Mwaka huo huo vita vikaja. Mwaka wa 1916 Deutschland ilikuwako katika mapigano ya Jutland, ikarudi salama. Lakini dada yake Pommern alizama usiku pamoja na watu wake wote. Kisha Deutschland ikawa nyumba ya kulala mabaharia tu, na mwaka wa 1920 ikafutwa katika daftari, ikavunjwa.

Hivyo chombo kilichoundwa ili kutisha hakikumtisha yule aliyekusudiwa. Kilimfundisha kuunda kikubwa zaidi. Na vijana waliofunzwa kwa bidii miaka ile yote, wengi wao ndio waliolipa.