KAULI BILA SANAD: FUNZO KUTOKA KWA WATAZAMAJI WA NYOTA



Ndugu yangu msomaji, leo naanza kwa kukiri kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika darsa baada ya Maghrib, niliinua simu yangu nikawaonyesha watu picha ya mwezi wenye mfereji mrefu. Nikasema: "Wanasayansi wa Marekani wenyewe wamethibitisha kuwa mwezi uliwahi kupasuka." Watu wakapiga takbira. Baada ya Isha akanijia kijana wa sekondari, kwa adabu kabisa, akaniuliza: "Sheikh, aliyethibitisha ni nani, na ameandika wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilitumiwa na rafiki, naye alitumiwa na mwingine.

Nikaenda kutafuta. Picha ile ni ya bonde la mwezini liitwalo Rima Ariadaeus, lililopigwa picha na wanaanga wa Apollo 10 mwaka 1969. Lina urefu wa kilomita 300 hivi, wala haliuzunguki mwezi. Wataalamu wanaeleza kuwa ni ardhi iliyodidimia kati ya nyufa mbili. Muujiza wa Mtume wetu (s.a.w.) umo katika Qur'ani na katika hadithi sahihi zenye sanad. Haukuwa na haja ya picha yangu. Darsa lililofuata nilijirekebisha mbele ya watu walewale.

Lakini swali la kijana yule halikuniacha. Likanipeleka kwenye historia ambayo nataka uijue.

CAIRO, MWAKA 367 HIJRIA

Sisi wa pwani wengi wetu ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi'i, aliyefariki Misri mwaka 204 Hijria. Miongoni mwa masahibu zake huko alikuwa Yunus bin Abdul-A'la, mpokezi wa hadithi anayeaminika. Mjukuu wake, Abdurrahman, akawa mwanahistoria na mtaalamu wa hadithi. Kisha Abdurrahman akapata mtoto aliyeitwa Ali, anayejulikana duniani kwa jina la Ibn Yunus. Huyu hakufuata kazi ya baba. Yeye alitazama mbingu.

Ila tazama jinsi alivyoitazama. Alhamisi ya tarehe 28 Rabi'ul-Akhir mwaka 367, yaani tarehe 13 Desemba 977, jua lilipatwa asubuhi. Ibn Yunus hakuandika tu kwamba jua lilipatwa. Aliandika kuwa walikusanyika kundi la wanazuoni katika msikiti mmoja wa Qarafa, eneo lile lile la makaburi linalojulikana kwa kaburi la Imam Shafi'i, na akautaja msikiti wenyewe. Akaandika kuwa kupatwa kulipoanza kuonekana, jua lilikuwa limeinuka zaidi ya nyuzi 15 na chini ya 16. Akaandika kuwa wote waliokuwapo walikubaliana kwamba kiasi cha theluthi mbili za kipenyo cha jua zilifunikwa. Na lilipokuwa jeupe kabisa, alipima tena mwinuko wake: zaidi kidogo ya nyuzi 33.

Nani aliona? Wapi? Siku gani? Alipima nini? Nani alishuhudia pamoja naye? Ndugu yangu, huoni hapo malezi ya nyumba ya hadithi?

Kazi yake kubwa ni majedwali ya mbingu aliyoyaita Zij al-Hakimi, kwa jina la mtawala wa Kifatimi wa zama zile, al-Hakim. Humo hakuweka hesabu zake peke yake. Aliweka pia vipimo vya waliomtangulia, kila kimoja kwa jina la mwenyewe: vya Habash wa Baghdad, na vya jamaa wa Banu Amajur, ambao mwaka 928 walitazama jua lililopatwa kwa kuangalia taswira yake katika maji. Vitabu vya Banu Amajur vimepotea. Vipimo vyao tunavijua kwa sababu Ibn Yunus alivinukuu na hakuvifanya vyake. Amana hiyo!

Alifariki mwaka 399 Hijria, sawa na 1009. Majedwali ya nyakati za swala yanayonasibishwa naye yaliendelea kutumika Cairo hadi karne ya 19.

MIAKA MIA SABA BAADAYE

Sasa twende Uingereza. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule ambaye nyota maarufu yenye mkia inaitwa kwa jina lake, alichapisha masahihisho ya vipimo vya al-Battani, mtazamaji wa Raqqa katika nchi ya Sham. Kwa nini masahihisho? Kwa sababu Halley alikuwa na tafsiri ya Kilatini tu, na tafsiri ile ilikuwa na makosa. Hakuweza kurudi kwenye asili. Nakala ya Kiarabu ilikuwa Escorial, Hispania, na haikuchapishwa kikamilifu mpaka Nallino alipoifanya kazi hiyo kati ya 1899 na 1907.

Hata hivyo, mwaka 1695 Halley alisema jambo zito: akilinganisha kupatwa kwa zamani na kwa wakati wake, mwezi unaonekana umeongeza mwendo. Mwaka 1749 Richard Dunthorne akalipigia hesabu, na miongoni mwa ushahidi wake kulikuwa na kupatwa kwa jua kwa Cairo, mwaka 977 na 978. Mwaka 1804 Caussin, Mfaransa, akachapisha vipimo vya Ibn Yunus kutoka katika hati iliyohifadhiwa Leiden, Uholanzi. Mwaka 1878 Simon Newcomb wa Marekani akavitumia tena. Katika zama zetu, mwaka 1997, Stephenson wa Uingereza akatoa kitabu kizima juu ya kupatwa kwa kale na mzunguko wa dunia.

Wamegundua nini? Kwamba siku inarefuka, kwa takriban sehemu mbili za elfu ya sekunde kila karne. Ukiihesabu asubuhi ile ya Qarafa ukidhani siku zote zililingana na za leo, utakosea kwa karibu nusu saa. Sababu kubwa ni maji kujaa na kupwa: mwezi unavuta bahari, na bahari inaipunguzia dunia mwendo. Bamvua unaloliona pale ufukweni limo ndani ya hesabu hiyo. Subhanallah.

Na lau Ibn Yunus angeandika tu, "Mwaka huu jua lilipatwa," asingemfaa mtu yeyote katika hawa.

LEO WANAFANYAJE?

Wanajimu wa leo wameijua hatari ya kauli iliyokatika na asili yake. Tangu 1972 kuna kituo Strasbourg, Ufaransa, kinachohifadhi data za nyota pamoja na orodha ya maandiko yaliyozungumzia kila nyota. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 NASA ina hazina ya makala za elimu ya nyota, ambamo kila makala hupewa alama ya herufi na tarakimu 19. Makala nyingi humo zimeunganishwa na data zenyewe: unasoma kauli ya mtaalamu, unabonyeza, unafika kwenye kile darubini ilichokiona. Kuna wakutubi ambao kazi yao ni kusoma makala moja baada ya nyingine na kuuliza: huyu ametumia darubini gani, na vipimo vipi? Wasipofanya hivyo, makala hubaki huku na data kule, na anayekuja baadaye hawezi kuhakiki.

Mimi nikisoma hayo namkumbuka Imam Muslim, ambaye utangulizi wa Sahihi yake una mlango wa kubainisha kuwa sanad ni katika dini. Wao wamefika hapo kwa kompyuta. Sisi tulirithishwa, kisha tukaidharau.

Kila mwisho wa Shaabani simu zetu hujaa: "Mwezi umeonekana!" Nani kauona? Mji gani? Saa ngapi? Kimya. Na wewe ushasambaza kwenye makundi matano. Sura ya al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Amri hiyo haikuacha nje habari zinazotufurahisha.

Basi ukiniona mimi, sheikh wako, nasema "wanasayansi wamethibitisha," niulize kama alivyoniuliza kijana yule. Si utovu wa adabu. Yeye alinistahi kuliko wote waliopiga takbira.

Allah awarehemu waliotuandikia kwa uaminifu, na atujaalie tuwe wakweli katika tunayoyanukuu. Amin.

Wallahu a'lam.