Ukurasa wa Pamoja: Historia Fupi ya Kujifunza kwa Kushirikiana katika Karagwe na Kyerwa

Watu wengi wasikiapo habari za mafunzo kwa njia ya intaneti hudhani ya kuwa ni jambo geni lisilo na mizizi katika nchi yetu. Tena hudhani kwamba mashine ndiyo iletayo elimu, na kwamba shule iliyokwisha kupata mashine imekwisha kupata na elimu. Makala haya yakusudia kuonyesha kuwa dhana hizo mbili hazikusimama juu ya ukweli. Ushahidi wetu twautoa upande mmoja wa nchi, yaani Karagwe na Kyerwa, katika Mkoa wa Kagera, mpakani mwa Rwanda na Uganda. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe mpaka mwaka 2012, ilipofanywa wilaya yake yenyewe. Kwa hiyo historia ya nchi hizi mbili ni moja.

Yafaa kwanza tueleze vyombo tunavyovizungumzia. Si kila kitu cha kompyuta kinachotuhusu hapa, bali vile tu vinavyomwezesha msomaji kuwa mwandishi pia, naye akaandika pamoja na wenziwe. Mfano ulio wazi ni wiki, iliyobuniwa na Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995. Jina hilo ni neno la Kihawaii, maana yake upesi. Katika wiki ukurasa mmoja huandikwa na watu wengi. Mmoja huanza, wa pili huongeza, wa tatu husahihisha, na kila badiliko huhifadhiwa pamoja na saa yake na jina alilolitumia mwandishi. Nyuma ya ukurasa huo pana uwanja wa majadiliano, ambapo waandishi huhojiana: Umelitoa wapi neno hili? Kwa nini umelifuta langu? Kamusi elezo ya Wikipedia ilianza kwa utaratibu huo Januari 2001, na ya Kiswahili ikafunguliwa mwaka 2003.

Basi swali la makala haya ni hili: msomaji akiweza kuujibu ukurasa, na jibu lake likaubadili ukurasa wenyewe, elimu hupata faida gani? Watu wa Karagwe wana sababu ya kulifikiri swali hilo kuliko wengi, maana nchi yao iliandikwa mapema sana, na wao wenyewe hawakushika kalamu.

Kitabu Kisichojibiwa

Katikati ya karne ya 19 Karagwe ilikuwa ufalme uliojulikana mbali. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya mfalme, na kwa njia hiyo Kiswahili kiliingia nchini kabla ya Mzungu yeyote. Mwezi wa Novemba 1861 wakafika Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant. Mfalme Rumanyika aliwapokea kwa heshima na hisani. Speke alikaa mpaka Januari 1862, kisha akaendelea na safari ya Buganda. Grant, aliyekuwa mgonjwa wa mguu, akabaki kwa mfalme mpaka mwezi wa Aprili.

Mfalme na mgeni wake walizungumza mambo mengi, kila mmoja akimwuliza mwenziwe habari za nchi yake. Yalikuwa mazungumzo ya kujifunza kweli, pande zote mbili. Speke mwenyewe asimulia kwamba alijitolea kumchukua mtoto mmoja au wawili wa mfalme wakafundishwe Uingereza, na kwamba Rumanyika alilipenda shauri hilo. Safari hiyo haikufanyika.

Yaliyotokea baada ya mazungumzo ndiyo yanayotuhusu. Speke alirudi kwao, na mwaka 1863 akachapisha kitabu. Humo alieleza jinsi alivyoupima kwa utepe mwili wa mwanamke mmoja wa jamaa ya mfalme, akavitaja na vipimo vyake. Kubwa kuliko hilo, alieleza nadharia yake kwamba wafugaji waliotawala nchi za maziwa walikuwa kabila la kigeni lililotoka upande wa Uhabeshi, na kwamba walikuwa bora kuliko wakulima waliowatawala. Nadharia hiyo haikuwa na ushahidi wa kutosha, ila ilichapishwa, nayo ikarudiwa katika vitabu vingine vingi. Wakoloni wa Kijerumani, na baadaye wa Kibelgiji, waliitumia ng'ambo ya Mto Kagera kuwapanga watu wa Rwanda katika daraja. Na miaka zaidi ya 130 baada ya Speke, wachochezi wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 waliwaita Watutsi wageni waliotoka Uhabeshi. Wakimbizi wa maafa hayo walifurika mpaka Karagwe.

Hatusemi kwamba kitabu kimoja kilileta hayo yote. Twasema kwamba baraza la Bweranyange lilikuwa na watu walioweza kumwambia Speke, Hapo umekosea, lakini kitabu hakikuwa na mahali pa kuliandika neno lao. Ilipita zaidi ya karne moja kabla historia ya ufalme huo haijatolewa na mwanahistoria Mtanzania, Israel Katoke, mwaka 1975.

Wasomaji wa Kwanza

Kusoma kwenyewe kuliingia Bukoba na nchi jirani kwa njia ambayo wengi wamekwisha kuisahau. Kabla ya wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani kufika mwaka 1910, walikuwako tayari Wahaya waliojifunza kusoma huko Buganda, wakarudi na vitabu vya Kiganda na kukusanyika majumbani. Kitabu kilikuwa kimoja, macho yalikuwa mengi. Aliyejua herufi alimwonyesha asiyejua, na aliyekwisha kusoma aliulizwa maana. Ndiyo sababu katika nchi hizo neno msomaji lilikuwa karibu kuwa jina la mtu mwenye dini mpya.

Shule zilipojengwa, mambo yalipata utaratibu, na faida yake haikanushiki. Lakini kitu kimoja kilipungua. Mwalimu alisimama mbele ya ubao, wanafunzi wakanakili, na mtihani ukampima kila mmoja peke yake. Kumwuliza jirani kukaitwa udanganyifu. Desturi hiyo tungali nayo hata leo.

Kisomo na Redio

Baada ya Uhuru, kujifunza kwa pamoja kulirudi kwa nguvu kupitia elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hapa Tanzania hawakujua kusoma. Mwaka 1968 serikali, ikisaidiwa na UNESCO, ilianzisha mradi wa majaribio ya kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya kandokando ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao ndio uliokuja kuitwa Kagera mwaka 1979. Vitabu vyake vilifuata kazi za watu wenyewe: kulikuwa na kitabu cha pamba, cha uvuvi, cha ng'ombe, na cha migomba. Mkulima hakuanza kwa herufi zisizo na maana. Alianza kwa mambo aliyoyajua kuliko mwalimu wake, na kwa hiyo aliweza kumsahihisha. Mwaka 1974 likaanzishwa gazeti la vijijini la kanda hiyo, Elimu Haina Mwisho, ili waliokwisha kujua kusoma wasije wakasahau.

Pamoja na hayo zilikuja kampeni za redio. Iliyojulikana kupita zote ni Mtu ni Afya, ya mwaka 1973. Utaratibu wake ulikuwa rahisi, nao wastahili kuangaliwa kwa makini. Watu wa jirani walikusanyika penye redio moja. Walisikiliza kipindi, kisha wakasoma sura ya kitabu, kisha wakajadiliana chini ya kiongozi aliyefunzwa kazi hiyo, na mwisho wakaazimia jambo la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Viongozi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu wapatao milioni 2 walishiriki katika nchi nzima. Kufika mwaka 1975, wasiojua kusoma walikuwa wamepungua mpaka 39 katika kila 100.

Redio yenyewe ni chombo cha upande mmoja, husema, haisikii. Kilichoigeuza kuwa chombo cha kushirikiana ni kundi la watu waliokizunguka. Funzo hilo ndilo tunalolihitaji tunapoifikia intaneti.

Kompyuta na Intaneti

Kompyuta haikukaribishwa kwa furaha tangu mwanzo. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini bila ya kibali, kwa kuogopa gharama za fedha za kigeni na hasara zilizokwisha kuonekana. Zuio hilo lililegezwa baadaye, na mwaka 2003 ikatolewa sera ya kwanza ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Ya elimu ya msingi ikafuata mwaka 2007. Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na toka hapo bei ya intaneti ikaanza kushuka.

Wakati huohuo Karagwe ilipata redio ya jamii, Redio FADECO, iliyojishughulisha hasa na habari za wakulima. Simu ya mkononi ilikwisha kuenea, na msikilizaji akaweza kuipigia redio au kuiandikia ujumbe. Jambo ambalo mwaka 1973 lilihitaji kundi na kiongozi, sasa lilikuwa na waya wake wa kurudisha jibu.

Katika uandishi wa pamoja, hatua moja yafaa kutajwa. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliendesha shindano la wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili. Leo kamusi elezo hiyo ina makala zaidi ya 70,000, zilizoandikwa kwa kujitolea. Nyingi ni fupi sana, na makala nyingi za kata za nchi yetu hazina zaidi ya idadi ya watu na jina la wilaya. Huo ni upungufu, lakini ni upungufu unaoweza kuondolewa na mwanafunzi aishiye katika kata hiyo.

Darasani

Tuseme kidato cha pili katika shule moja ya Kyerwa chapewa kazi ya kuandika ukurasa mmoja juu ya ufalme wa Karagwe. Kundi la kwanza laandika habari za Rumanyika kutoka katika kitabu cha kiada. La pili lamwendea mzee wa kijiji na kurudi na masimulizi yasiyopatana na kitabu. La tatu laona kuwa majina ya Kinyambo yameandikwa vibaya, nalo lafungua kamusi ya Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza ya Josephat Rugemalira, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002. Sasa wote watatu wana ugomvi mwema juu ya ukurasa mmoja. Ni lazima waseme nani kasema nini, na kwa ushahidi gani. Mwalimu, kwa kuwa mabadiliko yote yamehifadhiwa, aweza kuona ni nani aliyefanya kazi na ni nani aliyelala.

Vizuizi vipo, wala havifai kufichwa. Umeme haukufika kila shule, na intaneti hugharimu fedha. Kanuni za shule haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Walimu wana madarasa makubwa na hawakufunzwa kazi hii. Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, masomo yalipelekwa kwa redio na televisheni. Watoto walisikia, lakini hapakuwa na kundi wala kiongozi wa mwaka 1973, na wengi hawakuwa na wa kumwuliza. Hata hivyo wiki yaweza kuwekwa katika kompyuta moja inayotumia umeme wa jua, nayo ikasomwa na kuandikwa na kompyuta nyingine za chumba hichohicho bila ya intaneti yoyote.

Kizuizi kizito zaidi ni lugha. Kiswahili ni lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967, lakini sekondari ni Kiingereza. Mwanafunzi asiyekuwa na maneno ya kubishia hanakili ila kile akionacho, na ukurasa wa pamoja ukijazwa vipande vilivyonakiliwa hauna tofauti na ubao wa zamani. Kwa hiyo twashauri majadiliano ya nyuma ya ukurasa yafanywe kwa Kiswahili, ijapokuwa ukurasa wenyewe ni wa Kiingereza. Mtu hubishana vyema kwa lugha anayoifikiria.

Mwisho

Tumeona vyombo vinne: baraza, kitabu, redio na wiki. Kitabu cha mwaka 1863 kilikuwa na ufundi mkubwa, lakini kilifunga mlango baada ya kuandikwa. Redio ya mwaka 1973 ilikuwa ya upande mmoja, lakini watu waliizunguka wakaifanya iwe shule. Basi ubora wa chombo hauamuliwi na upya wake, bali na nafasi anayoipata mwanafunzi ya kujibu, na mtu wa kuliangalia jibu lake. Shule ikinunua kompyuta 20 na kuwaacha watoto wasome tu waliyoandikiwa na wengine, itakuwa imerudi pale alipowaacha Speke.

Ni matumaini yetu kwamba walimu wa Karagwe na Kyerwa watakaoifanya kazi hii wataandika matokeo yake, mazuri na mabaya, wapate kusahihishwa na wenzao.