Rangi Nne za Mlima Kenya

Miaka yote niliyofundisha hesabu Karatina, ramani iliyobandikwa ukutani imenifaa kuliko vitabu vingi. Kwenye kilele cha Mlima Kenya hukutana kaunti tano: Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka-Nithi na Meru. Nawapa wanafunzi kalamu za rangi na sharti moja: kaunti zenye mpaka wa pamoja zisifanane rangi. Kugusana kwenye nukta tu si ujirani.

Anza na kalamu mbili. Nyeri nyekundu, Kirinyaga kijani, Embu nyekundu, Tharaka-Nithi kijani. Ukifika Meru umekwama: upande huu kijani, upande ule nyekundu. Utake usitake, utachukua ya tatu. Kabla ya 1992, Tharaka-Nithi ikiwa bado ndani ya Meru, wilaya zilizozunguka kilele zilikuwa nne, na kalamu mbili zingetosha.

Sasa, mipaka ikichorwa vyovyote vile, rangi ngapi zitatosha daima? Francis Guthrie alijiuliza hivyo mwaka 1852 akipaka rangi ramani ya kaunti za Uingereza. Alihisi ni nne. Alihamia Afrika Kusini, akawa profesa wa hesabu Cape Town, akafariki 1899 swali likiwa bado wazi. Alfred Kempe alitoa uthibitisho mwaka 1879; mwaka 1890 Percy Heawood akaonyesha una tundu, ila akathibitisha kwamba tano zinatosha.

Rangi sita hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni atazithibitisha. Kila ramani ina angalau eneo moja lenye majirani wasiozidi watano. Nyeri ni mojawapo: Laikipia, Nyandarua, Murang'a, Kirinyaga na Meru. Ifute, paka iliyobaki kwa mbinu iyo hiyo, kisha irudishe. Majirani wamechukua rangi tano wakizidi sana. Ya sita inakusubiri.

Nne zilisumbua hadi 1976, Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois walipoitumia kompyuta kwa zaidi ya saa 1,000 kukagua karibu ramani ndogo 2,000. Wengi waliguna: uthibitisho gani huu usiosomeka na binadamu? Mwaka 2005 Georges Gonthier alihakiki uthibitisho mzima wa rangi nne kwa programu, na manung'uniko yakapungua.

Kesho watu wa Mathira au Kieni, hapa Nyeri, wakidai kaunti yao, watu watagombania makao makuu hadi usiku. Mradi kila kaunti iwe kipande kimoja, mchapishaji wa ramani hatanunua wino wa tano.